Amplifaya ya gitaa ya kidijitali

Amplifaya ya gitaa ya kidijitali ni chombo cha umeme kinachopokea ishara dhaifu kutoka kwenye gitaa la umeme, kuigeuza kuwa tarakimu, kuifanyia hesabu kwa kompyuta ndogo iliyomo ndani yake, kisha kuirudisha kuwa mkondo wa umeme wenye nguvu ya kuendesha spika. Kwa njia hiyo chombo kimoja kinaweza kuiga sauti za amplifaya nyingi za zamani pamoja na efekti mbalimbali, kama vile mwangwi, na kuhifadhi sauti hizo katika kumbukumbu ili zitumike tena wakati wowote.

Faida hiyo ndiyo pia chanzo cha matatizo yake ya pekee. Katika amplifaya ya zamani, kitufe kinachozungushwa hubadilisha umeme wenyewe. Kwa hiyo anayekitazama anajua sauti imepangwaje. Katika amplifaya ya kidijitali kitufe hutuma namba tu kwa kompyuta, na namba inayotumika wakati huo inaweza kuwa imetoka mahali pengine: katika kumbukumbu, katika pedali ya mguu au katika programu ya simu. Ndiyo maana amplifaya nzima kabisa inaweza kudhaniwa kuwa imeharibika, ikapelekwa kwa fundi au kuuzwa kwa bei ya hasara, kumbe imebeba mpangilio ambao mwenyewe hakuutarajia.

Amplifaya ya kidijitali isichanganywe na amplifaya ya daraja D. Daraja D ni namna ya kukuza nguvu kwa kuwasha na kuzima transista kwa kasi kubwa. Amplifaya nyingi za kidijitali hutumia namna hiyo katika hatua ya mwisho, lakini si yenyewe inayozifanya kuwa za kidijitali.

## Historia

Amplifaya za kwanza za gitaa zilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1930, wakati magitaa ya umeme yalipoanza kuuzwa. Zilitumia vali, yaani mirija ya kioo iliyoondolewa hewa ambayo hukuza mkondo wa umeme. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni ya Fender huko California, na baadaye Vox na Marshall nchini Uingereza, zilitengeneza amplifaya za vali ambazo sauti zake ndizo zinazoigwa zaidi hadi leo.

Transista, iliyovumbuliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947, iliwezesha kutengeneza amplifaya nyepesi zisizo na vali. Mfano unaojulikana sana ni JC-120 ya kampuni ya Roland ya Japani, iliyotolewa mwaka 1975 na kusifiwa kwa sauti yake safi.

Mwaka 1996 kampuni ya Line 6 ya California ilitoa AxSys 212, ambayo huhesabiwa kuwa amplifaya ya kwanza ya gitaa iliyoiga amplifaya nyingine kwa hesabu za kidijitali. Mwaka 1998 kampuni hiyohiyo ilitoa POD, kisanduku kidogo cha kazi hiyo kisichokuwa na spika. Baadaye watengenezaji wengi walifuata njia hiyo. Katana ya kampuni ya Boss, iliyotolewa mwaka 2016, ni mfano mmoja wa amplifaya za aina hii zinazotumiwa na wanafunzi na wanamuziki wa jukwaani pia.

## Utendaji kazi

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara nyingi. Nyuzi za chuma zinapotikisika hubadilisha uga wa sumaku na kuzalisha umeme mdogo, kwa kawaida chini ya volti 1. Ishara hiyo hupita katika hatua zifuatazo:

1. Kigeuzi cha kuingiza hupima volti mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde. Kikiwa cha biti 24, kila kipimo huandikwa kwa namba moja kati ya ngazi 16,777,216.
2. Prosesa huzifanyia namba hizo hesabu. Mara nyingi huanza na lango la kelele, hufuata efekti za mwanzo, kisha mwigo wa amplifaya, mwigo wa kabati la spika, na mwisho efekti za mwangwi.
3. Kigeuzi cha kutoa huzirudisha namba kuwa umeme.
4. Kikuza nguvu huongeza umeme huo na kuupeleka kwenye spika.

Safari hiyo huchukua milisekunde chache. Kwa kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, ucheleweshaji wa milisekunde 3 ni sawa na kusimama mita 1 hivi kutoka kwenye spika, mpigaji hautambui.

## Ngazi za mipangilio

Ili kuelewa kwa nini sauti isiyotarajiwa hutokea, ni lazima kujua kwamba mipangilio hukaa katika ngazi mbalimbali.

Paneli ni vitufe vinavyoonekana juu au mbele ya chombo: geini (ukubwa wa ishara inayoingia katika mwigo wa amplifaya), besi, sauti ya kati, sauti ya juu, efekti na masta (ukubwa wa sauti ya mwisho).

Priseti ni sauti iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ikiwa na thamani zote za vitufe. Mtumiaji akiita priseti, thamani hizo hutumika bila kujali vitufe vimeelekea wapi.

Nafasi ya muda ni mahali ambapo mabadiliko hukaa kabla ya kuhifadhiwa. Katika amplifaya nyingi mtu akibadili sauti, kisha akahamia priseti nyingine au kuzima chombo bila kuhifadhi, mabadiliko yake hupotea.

Mipangilio ya jumla huathiri priseti zote kwa pamoja. Humo huwekwa mambo kama usawazishaji wa sauti kwa ukumbi mzima, kipimo cha kutuni, na kazi ya kila pedali. Kubadili priseti hakugusi mipangilio hii.

Vidhibiti vya nje ni pedali, programu za simu au kompyuta, na vyombo vinavyounganishwa kwa MIDI, mfumo wa mawasiliano ya vyombo vya muziki ulioanzishwa mwaka 1983.

Ngazi hizi zinaweza kupingana. Tuseme kitufe cha geini kinaonyesha 8, lakini priseti iliyoitwa ina geini 3. Sauti itakuwa ya 3. Mpigaji akikigusa kitufe ili kuongeza kidogo tu, katika amplifaya nyingi thamani itaruka mara moja kutoka 3 hadi pale kitufe kilipo, yaani karibu na 8. Amplifaya nyingine husubiri mpaka kitufe kipite kwenye thamani iliyohifadhiwa ndipo kianze kufanya kazi. Hapo mtumiaji huona kama kitufe kimekufa. Hali zote mbili ni za kawaida na hazionyeshi ubovu.

## Matatizo ya kawaida

### Kukosa sauti kabisa

Taa ikiwaka lakini spika iko kimya, sababu inaweza kuwa kazi ya kutuni imewashwa, kwa kuwa aghalabu huzima sauti ili mpigaji atuni kimyakimya. Sababu nyingine ni plagi ya hedifoni iliyosahauliwa, kwa maana katika amplifaya nyingi plagi hiyo hukata spika. Pedali iliyopewa kazi ya kudhibiti ukubwa wa sauti ikiwa imekaa kwenye sifuri huleta ukimya uleule. Vilevile tundu la kurudishia ishara kutoka efekti za nje, likichomekwa waya usiounganishwa na chochote, linaweza kukata njia ya sauti.

### Sauti ndogo kuliko kawaida

Baadhi ya amplifaya zina swichi ya kupunguza nguvu kwa ajili ya kupigia nyumbani. Tofauti kati ya wati 50 na nusu wati ni mara 100 kwa nguvu, sawa na desibeli 20. Kwa sikio la binadamu hiyo ni takriban robo ya ukubwa wa sauti. Swichi ikiachwa hapo, gitaa litamezwa na ngoma hata masta ikifunguliwa yote. Kupunguza nguvu kwa nusu tu, kwa upande mwingine, hushusha sauti kwa desibeli 3, tofauti ambayo haionekani sana.

### Noti kukatika kabla ya wakati

Lango la kelele hufunga sauti pale ishara inaposhuka chini ya kiwango fulani, ili mvumo usisikike wakati gitaa halipigwi. Kiwango hicho kikiwekwa juu mno, noti zinazofifia taratibu hukatwa ghafla, na zile zinazoguswa polepole huenda zisisikike kabisa. Mpigaji huweza kudhani kwamba waya umelegea. Dawa yake ni kushusha kiwango cha lango au kulizima.

### Mkwaruzo usiotakiwa

Mkwaruzo unaweza kuzalishwa katika hatua mbili tofauti. Ukitoka katika mwigo wa amplifaya, hupungua geini inaposhushwa. Ukitoka kwenye kigeuzi cha kuingiza kwa sababu ishara ya gitaa imezidi uwezo wake, kushusha geini hakusaidii, kwa kuwa ishara imekwisha kukatwa kabla ya kufika huko. Katika hali hiyo hupunguzwa sauti kwenye gitaa lenyewe, au unyeti wa tundu la kuingizia ikiwa unaweza kurekebishwa.

### Gitaa kusikika halikutuniwa

Nyuzi zikiwa sawa lakini sauti ikatofautiana na vyombo vingine, huenda efekti ya kupandisha au kushusha noti imewashwa. Huenda pia kipimo cha kutuni kimehamishwa kutoka hertsi 440 kwa noti A, kiwango kinachotumika karibu kote duniani. Kipimo hicho hukaa katika mipangilio ya jumla, kwa hiyo kubadili priseti hakurekebishi kosa.

### Sauti kuchelewa

Ucheleweshaji unaosikika kwa kawaida hauanzii katika prosesa. Hedifoni za Bluetooth zinaweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, kiasi cha kutosha kumpotezea mpigaji mapigo. Hedifoni za waya huondoa tatizo hilo. Sauti ikisikika mara mbili wakati wa kurekodi kwa kompyuta, chanzo kinaweza kuwa ishara ileile inapita njia mbili: moja kwa moja ndani ya amplifaya, na kwa kuzungukia kwenye kompyuta.

### Sauti nzuri nyumbani, mbaya jukwaani

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii vizuri besi sauti inapokuwa ndogo. Kwa hiyo mtu anayetengeneza priseti usiku kwa sauti ya chini huongeza besi mpaka aridhike. Priseti hiyohiyo ikifunguliwa kwa sauti kubwa ukumbini, besi huvuma na kuzifunika noti. Hapa chombo kinafanya kile hasa kilichoagizwa. Priseti za jukwaani hutengenezwa au kurekebishwa kwa kiwango cha sauti kitakachotumika jukwaani.

### Priseti kupotea

Mara nyingi sauti iliyopotea haikuhifadhiwa, au ilifunikwa na nyingine iliyohifadhiwa katika nafasi ileile. Katika amplifaya kadhaa, kubonyeza kitufe cha priseti kwa muda mfupi huita sauti, na kukibonyeza kwa muda mrefu huhifadhi. Kidole kikikawia, kazi ya zamani hufutika bila onyo. Kubadilisha toleo la programu ya ndani ya chombo nako kunaweza kufuta priseti, na umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo chombo kinaweza kushindwa kuwaka tena.

## Utaratibu wa uchunguzi

Kanuni kuu ni kubadili jambo moja kwa wakati mmoja na kusikiliza matokeo kabla ya kugusa lingine. Anayebadili mambo matano kwa pamoja anaweza kuondoa tatizo bila kujua lilikuwa nini, na likirudi huanza upya. Utaratibu ufuatao huanza na mambo mepesi:

1. Masta hushushwa kwanza, ili sauti isilipuke ghafla tatizo likiondoka.
2. Huchomolewa kila kitu isipokuwa gitaa na waya wa umeme: pedali, hedifoni, waya wa kompyuta na efekti za nje. Bluetooth huzimwa.
3. Gitaa huunganishwa moja kwa moja kwa waya mwingine unaojulikana kuwa mzima, na vitufe vya sauti vya gitaa lenyewe hufunguliwa.
4. Huchaguliwa sauti safi, efekti zote na lango la kelele zikiwa zimezimwa, na besi, kati na juu zikiwa katikati. Amplifaya yenye hali ya paneli huwekwa katika hali hiyo, ili vitufe vinavyoonekana ndivyo vitawale.
5. Sauti ikiwa sawa, chombo ni kizima na kosa limo katika priseti au katika kile kilichochomolewa. Vitu hurudishwa kimoja kimoja mpaka tatizo lijitokeze.
6. Sauti isipokuwa sawa, hukaguliwa mipangilio ya jumla.
7. Hatua ya mwisho ni kurejesha mipangilio ya kiwandani.

Kurejesha mipangilio ya kiwandani hufuta priseti zote za mtumiaji. Kabla ya kufanya hivyo, priseti hunakiliwa kwenye kompyuta au simu kama chombo kinaruhusu. Kisiporuhusu, thamani za kila priseti huandikwa katika daftari, au hupigwa picha za vitufe baada ya kuvipanga upya kwa sikio. Namna ya kurejesha hutofautiana kati ya modeli na modeli, na huelezwa katika kitabu cha maelekezo. Tatizo likibaki hata baada ya hatua hii, basi si la mipangilio.

## Matatizo yanayofanana na ya mipangilio

Baadhi ya hitilafu huonekana kama za mipangilio, kumbe zina chanzo kingine. Gitaa lenye pikapu zinazotumia betri ya volti 9 hukwaruza na kufifia betri inapoisha. Waya uliokatika kwa ndani huleta sauti inayokuja na kupotea mpigaji anapojongea. Mvumo wa hertsi 50 au 100 hutoka katika umeme wa nyumba, na huongezeka gitaa linaposogezwa karibu na transfoma; pikapu zenye koili mbili huupunguza.

Volti pia ni muhimu. Umeme wa majumbani ni volti 230 nchini Tanzania na volti 240 nchini Kenya, lakini ni volti 120 nchini Marekani na volti 100 nchini Japani. Amplifaya iliyotumika, inayoletwa kutoka nje, husomwa kwanza kibandiko chake cha nyuma. Ikiandikwa volti 100 hadi 240 inaweza kutumika popote. Ikiandikwa volti 120 pekee huhitaji transfoma, la sivyo itaungua.

## Usalama

Mipangilio isiyotarajiwa inaweza kudhuru masikio, hasa mtu anapovaa hedifoni na priseti ikabadilika kutoka sauti ndogo kwenda kubwa. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na muda huo upunguzwe kwa nusu kwa kila ongezeko la desibeli 3. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 huruhusiwa kwa dakika 15 tu. Usikivu ulioharibiwa kwa kelele kubwa haurudi.

Hakuna tatizo la mipangilio linalohitaji chombo kifunguliwe. Ndani ya amplifaya kuna kapasita zinazoweza kushikilia umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi hiyo ni ya fundi. Waya wa ardhi wa plagi usikatwe kwa lengo la kuondoa mvumo, kwa sababu ndio unaomkinga mpigaji anayegusa nyuzi za chuma asipigwe na umeme chombo kikiwa na hitilafu.

## Matumizi katika Afrika ya Mashariki na Kongo

Katika muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya na katika rumba ya Kongo, magitaa kadhaa hupigwa kwa pamoja: ridhimu, solo na besi, na katika bendi za Kongo pia mi-solo iliyo kati ya ridhimu na solo. Mtindo huo, uliojengwa na wapigaji kama Franco Luambo Makiadi (1938–1989) wa OK Jazz, hutegemea sauti safi na noti nyingi za haraka zinazojibizana. Priseti zilizotengenezwa kwa ajili ya muziki wa roki, zenye geini kubwa na mwangwi mrefu, huzichanganya noti hizo. Lango la kelele lililowekwa juu nalo huzila noti nyepesi za ridhimu.

Amplifaya ya bendi, kwaya au shule aghalabu hutumiwa na wapigaji wengi. Kila mmoja huacha mipangilio yake, na anayefuata hukuta sauti asiyoielewa. Hivyo inafaa kila mpigaji apewe nafasi yake ya priseti, nafasi moja ibaki na sauti safi isiyo na efekti, na orodha ya nafasi hizo ibandikwe kwenye chombo. Mpigaji mgeni akianzia kwenye ile sauti safi atajua mara moja kama tatizo ni la chombo au ni la mpangilio.

## Tazama pia

* Gitaa
* Gitaa la umeme
* Spika
* Transista
* MIDI
* Muziki wa dansi